Msaada wakuu, nakwama kutoka hausi kwenda dramu-endi-besi, na shoo ni Jumamosi

Kinanda_Kimya: Wakuu habari zenu. Jumamosi napiga mziki kama DJ na kuna sehemu moja inaninyima usingizi, nipo kwenye hausi, mziki wa dansi wa biti 128 kwa dakika, natakiwa niingie dramu-endi-besi, ule wa kasi zaidi wa 174, nimevuta slaida ya pichi (ile ya kubadili kasi ya wimbo) mpaka hausi ifike huko lakini inakuwa kelele tupu, midundo inakanyagana. Nifanyeje?

Mzee wa Santuri: Vijana mnapenda njia za mkato. Sisi tulianza na santuri, sinki ya mashine kukulinganishia kasi hakuna, unasikiliza sikio moja huku kidole kipo ukingoni mwa sahani. Shoo yangu ya kwanza sindano iliruka ukumbi ukawa kimya, nikikumbuka hadi leo jasho linanitoka. Fundisha sikio kwanza.

Dada Besi: Mkuu usiivute mpaka 174. Robo tatu ya 174 ni 130.5, kwahiyo ipandishe hausi kutoka 128 mpaka hapo, ni kama asilimia 2 tu, hakuna atakayeshtuka. Sasa mapigo matatu ya hausi yanachukua muda uleule wa mapigo manne ya dramu-endi-besi. Fungu la mapigo 32 likiisha kata lupu (kipande kinachojirudia) ya mapigo matatu, punguza besi yake, ngoma mpya iingie na haihati (vile visahani vya ngoma vinavyolia "tsi tsi") peke yake, halafu ndo ufungue besi. Besi mbili zisikutane kabisa!

Fundi Spika: Au tupia eko (mwangwi), zima, anza upya. Mimi nafanya hivyo kila wiki.

Kinanda_Kimya: Asanteni ila mambo ya lupu kwangu hayawezekani.

Dada Besi: Hayawezekani kivipi, si unapiga mwenyewe?

Kinanda_Kimya: Ukweli ni kwamba miksi nimesharekodi, lisaa lizima, ipo kwenye flashi. Jumamosi naibonyeza tu. Msinihukumu, mbele za watu mikono inanitetemeka, na watu wanataka mziki mzuri, mikono yangu inawahusu nini?

Mzee wa Santuri: Huo ni uongo kijana. Watu wanakuja kukusikia wewe.

Mtoa_Hoja: Hii chai. Slaida ya asilimia 16 inaitoa 128 mpaka 148 na ushee, 174 umefikaje?

Kinanda_Kimya: Nimeweka ile renji pana ya asilimia 100. Kwanini nitunge?

Fundi Spika: Renji hiyo ipo kweli, muacheni.

Mtoa_Hoja: Sawa, ila shoo yenyewe siamini.

Dada Besi: Iwepo isiwepo, hesabu ni ileile. Kinanda, igawe rekodi vipande viwili, hapo katikati piga kwa mkono. Ni dakika mbili tu za kutetemeka. Washa mashine sasa hivi.

Kinanda_Kimya: Nimerudi. Mara tatu nimeharibu, ya nne haihati imekaa palepale mpaka nimesisimka. Ila besi nachelewa kuifungua, naifungua pigo la ngapi?

Dada Besi: La kwanza.