Jenerali mstaafu akiuza ushauri kwa serikali ya nje: tumwache, tumzuie au tumsajili?

Wakuu, naleta hoja ambayo kwetu bado haijachemka. Nataka tuijadili sasa, kabla haijatukuta tumelala.

Mkuu wa jeshi anastaafu. Ana pensheni, ana heshima, na simu yake inapokewa na mawaziri wa ulinzi wa nchi nyingi. Baada ya muda ana kampuni ya ushauri. Mteja wake ni serikali ya nje, au kampuni inayouza silaha kwa wizara ileile aliyotoka. Je, hiyo ni haki yake kama raia mwingine yeyote, au kuna mali ya umma anayoiuza?

Msimamo wangu nautoa mapema. Afanye kazi, lakini asifanye kwa siri, na kama mteja ni serikali ya nje au muuza silaha, basi asubiri miaka mitano.

Biashara hii imekomaa zaidi Marekani, kwa hiyo tuanzie huko. Katiba yao inamkataza mwenye cheo cha serikali kupokea malipo ya serikali ya kigeni bila ridhaa ya Bunge. Ofisa mstaafu naye anaguswa, kwa sababu bado anakula pensheni ya jeshi na anaweza kuitwa kazini wakati wowote. Bunge liliziachia wizara kazi ya kutoa ridhaa hiyo: mstaafu anaomba kibali kwenye jeshi lake na kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Utaratibu unavutia ukiusoma, ila majalada yake yalifungiwa kabatini mpaka gazeti la Washington Post lilipokwenda mahakamani kuyadai. Mwaka 2022 likachapisha lilichokipata. Tangu 2015 wastaafu zaidi ya 500 wa jeshi la Marekani walikuwa wamechukua kazi za serikali za nje, wengi wao katika nchi za Ghuba, na maombi karibu yote yalikubaliwa. Majenerali na maadmeri 15 walikuwa washauri wa kulipwa wa Wizara ya Ulinzi ya Saudi Arabia tangu 2016. Mmoja wao ni James Jones, jenerali wa nyota nne aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Obama.

Sasa linganisheni na tarehe. Saudi Arabia iliingia vitani Yemen Machi 2015. Mwandishi wa habari Jamal Khashoggi, mkosoaji wa watawala hao, aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul Oktoba 2018. Ushauri haukusimama. Mlipa kodi wa Marekani, ambaye ndiye aliyewasomesha majenerali hao na kuwalipa maisha yao yote ya kazi, hakuambiwa lolote hadi gazeti liliposhtaki.

Kinachoniumiza zaidi ni kisa cha Michael Flynn. Alikuwa luteni jenerali na aliwahi kuongoza idara ya ujasusi ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka 2016 alikuwa mshauri wa Donald Trump kwenye kampeni, na wakati huohuo kampuni yake ilikuwa ikilipwa dola 530,000 kwa kazi iliyoinufaisha serikali ya Uturuki. Siku ya uchaguzi wenyewe gazeti la The Hill lilitoa makala yake ya kumshambulia Fethullah Gülen, mpinzani wa Rais Erdoğan aliyekuwa akiishi Marekani. Msomaji aliona maoni ya jenerali. Hakujua kuna mkataba nyuma yake. Flynn alijiandikisha kuwa wakala wa maslahi ya nje Machi 2017, alipokuwa ameshakuwa mshauri wa usalama wa taifa na kujiuzulu.

Hapo ndipo ilipo hatari ninayoiona. Jenerali akizungumza, tunasikia jeshi. Tunamwamini kwa sababu ya miaka aliyotutumikia, na imani hiyo ndiyo mteja anayoilipia. Ujuzi wa kupanga doria au kusoma ramani unapatikana kwa makapteni wengi wastaafu kwa bei nafuu. Mbona hao hawatafutwi?

Kuna jambo jingine, la kabla ya kustaafu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilihesabu kwamba mwaka 2019 kampuni 14 kubwa zinazofanya biashara na Wizara ya Ulinzi zilikuwa zimeajiri zaidi ya watu 1,700 waliotoka wizara hiyohiyo, waliokuwa vigogo au wahusika wa manunuzi. Ofisa anayekaa kwenye kamati ya zabuni huku akijua nani ataweza kumwajiri miaka miwili ijayo hahitaji bahasha. Hakuna atakayemkamata, kwa sababu hakuna alichopokea bado.

Halafu tazameni hili. Sheria ya Marekani ilitaka miaka saba ipite tangu jenerali avue sare ndipo aweze kuwa Waziri wa Ulinzi, na tangu mwisho wa 2021 inataka kumi. Lloyd Austin alistaafu 2016, akaingia kwenye bodi ya Raytheon, kampuni ya silaha, na alipoteuliwa uwaziri 2021 ilibidi Bunge limwondolee sharti la miaka saba, kama lilivyomfanyia James Mattis 2017. Yaani kuitumikia nchi yake mwenyewe sasa anasubiri miaka kumi. Kumshauri mfalme wa nchi nyingine hakuna idadi ya miaka, kuna kibali tu.

Uingereza walijaribu njia ya upole. Waliunda kamati ya kuwashauri vigogo wanaohamia kwenye biashara, lakini haikuwa na uwezo wa kumzuia mtu. Mwaka 2012 waandishi wa habari walijifanya mawakala wa kampuni ya silaha na kuwarekodi majenerali wastaafu wakizungumzia watakavyowafungulia milango. Luteni Jenerali mstaafu John Kiszely alijiuzulu uongozi wa chama cha kuwahudumia maveterani. Kamati yenyewe imevunjwa mwaka 2025.

Na kwetu? Kenya wamefika mbali kiasi. Ibara ya 77 ya Katiba ya 2010 inasema ofisa wa dola aliyestaafu na anayelipwa pensheni na umma asishike nafasi zaidi ya mbili za malipo kwenye kampuni au vyombo vya serikali. Lakini miongoni mwa wanajeshi, ofisa wa dola kwa maana ya Katiba hiyo ni Mkuu wa Majeshi na makamanda wa matawi tu. Meja jenerali na brigedia hawamo. Na ibara hiyo inahesabu vyeo vya serikali, haihesabu wateja wa ng'ambo.

Tanzania tumezoea kumwona mkuu wa majeshi mstaafu kwenye bodi ya shirika la umma. Jenerali Davis Mwamunyange aliteuliwa kuongoza bodi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na nchi nzima ilijua nani kamteua na kwa kazi gani. Mtu anaweza kuupinga uteuzi wa namna hiyo au kuukubali, lakini umefanyika mchana. Ninachokiogopa ni mkataba ambao hatutauona kamwe.

Karibuni. Mwenye hoja ya kunipinga ndiye ninayemsubiri hasa.

Mchangiaji, mstaafu wa jeshi:

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho. Mimi cheo changu hakikufika huko unakokuzungumzia, ila sare nimeivaa na ninalo la kusema.

Daktari akistaafu anafungua kliniki. Jaji anafanya usuluhishi. Mkaguzi wa hesabu anafungua ofisi mjini. Mwanajeshi peke yake ndiye mnataka akachunge ng'ombe. Wengi wetu tunatoka jeshini bado tuna nguvu, watoto wako shule, na kiinua mgongo kinaisha kwenye paa la nyumba. Miaka mitano ni mingi. Ukikaa nje miaka mitano hakuna anayekutafuta tena, kwa hiyo unachokiita kusubiri ni marufuku kamili.

Fikiri pia upande wa pili. Afrika Kusini walivunja kikosi chao cha 32 mwaka 1993, wakawaacha wapiganaji wazoefu mitaani. Executive Outcomes, kampuni ya wapiganaji wa kukodiwa iliyoanzishwa na ofisa mstaafu Eeben Barlow, iliwaokota na kuwapeleka Angola, kisha Sierra Leone mwaka 1995. Huko waliwasukuma waasi wa RUF mbali na Freetown, na wapo wakazi waliowashukuru. Mwaka 1998 ikaja sheria ya kubana biashara hiyo na kampuni ikafungwa. Je, ujuzi ulifutika? Miaka kumi na kitu baadaye, 2015, Barlow huyohuyo alikuwa Nigeria na kampuni nyingine, akiwafundisha wanajeshi wanaopigana na Boko Haram. Ukimfungia mtu mlango wa mbele atapita uani, na huko uani humwoni kabisa.

Na usisahau Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Yeye ndiye aliyesimamia mazungumzo ya Sudan hadi mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Nani alikuwa na uzito wa kuwakalisha makamanda wale meza moja kama si mwanajeshi mwenzao? Kwa kanuni yako, mtu kama huyo akialikwa na serikali jirani awape ushauri wa kupatanisha waasi, atajibu nini? Kwamba arudi baada ya miaka mitano?

Mchangiaji, Mtwara:

Naomba msiizungumzie hii kama habari ya Marekani. Mwaka 2020 serikali ya Msumbiji iliajiri kampuni ya kanali mstaafu wa Zimbabwe, Lionel Dyck, ipigane kwa helikopta na waasi wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini linalopakana nasi. Mteja alikuwa polisi, wala si jeshi lao. Machi 2021 Amnesty International ilisema helikopta zile zilifyatua risasi bila kubagua, hata palipokuwa na raia. Mwezi huohuo waasi wakauvamia mji wa Palma. Mkataba ulikwisha Aprili, kampuni ikaondoka.

Sisi huku hatukuondoka. Oktoba 2020 waasi hao walivuka mto Ruvuma wakakishambulia kijiji chetu cha Kitaya. Ushauri ukiharibika, anayeulipia ni jirani asiyejua hata kama kulikuwa na mkataba. Swali langu kwa afande ni moja: nani anamwajibisha mshauri? Askari akiua raia ana mahakama ya kijeshi. Kanali mstaafu mwenye kampuni ana wakili.

Mleta mada:

Afande, shikamoo, na asante kwa kuja na hoja badala ya hasira.

Kuhusu vyeo nakubaliana nawe. Kanuni ianzie kwa brigedia kwenda juu, pamoja na yeyote aliyekaa kwenye kamati ya manunuzi. Sajini anayefundisha walinzi wa benki haimhusu. Na kama kiinua mgongo hakitoshi, hiyo ni hoja ya kupandisha kiinua mgongo, na nitakuunga mkono.

Ila Sumbeiywo hanipingi mimi. Alifanya kazi ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, kwa uteuzi uliotangazwa, na matokeo yake yalisainiwa mbele ya kamera. Kazi ya upatanishi chini ya IGAD, Umoja wa Afrika au Umoja wa Mataifa isiguswe kabisa, na ualimu wa chuoni vilevile. Serikali jirani ikimtaka mpatanishi, imwombe kupitia huko.

Kwenye Executive Outcomes hapo tunaachana. Sierra Leone ilipata utulivu wa muda, kampuni ikaondoka mapema 1997, na Mei mwaka huohuo serikali ikapinduliwa. Waliokodiwa walijua kupigana. Jeshi la nchi liliachwa lilivyokuwa, kwa sababu mkataba haukuwa wa kulijenga.

Mlango wa uani ni hoja nzito, na ndiyo inayonifanya niseme daftari la kusajili kazi hizi ni muhimu kuliko marufuku. Jina la mstaafu, jina la mteja, aina ya kazi, kiasi cha malipo, vyote vitangazwe kabla kazi haijaanza. Asiyetangaza, pensheni yake isimamishwe. Mtu anayeona fahari kwa kazi yake hatashindwa kujaza fomu ya kurasa mbili.

Ninachotaka wachangiaji wanaofuata wakijadili ni nani alishike daftari hilo. Tukiliweka Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, tamko linaweza kuishia kwenye jalada. Tukilipeleka kwenye kamati ya Bunge, wabunge wenyewe wana ndugu kwenye zabuni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anasoma mikataba kila mwaka na ripoti yake inafika bungeni hadharani. Mimi naelekea huko. Wanasheria mliomo humu, sheria yake ya sasa inamruhusu, au itabidi ibadilishwe?