Babu anamzuia mdogo wangu kurudi shule, naombeni ushauri

Habari zenu ndugu. Mimi na mdogo wangu tumelelewa na babu mzaa baba, kijijini Kotido, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mvua kule ni za msimu mmoja tu, zikigoma mtama unakauka ukiwa wa magotini. Kwetu ghala ni la mwanamke, lakini babu alilishika yeye. Bibi alipimiwa bakuli moja kila jioni, babu akiwa amesimama pale. Mbuzi akipotea unachapwa kwanza, halafu usiku huohuo unarudi porini.

Sasa niko Mbale, nalipa karo. Dogo yuko darasa la saba, PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni Novemba. Babu kasema muhula wa tatu harudi, anakwenda na ng'ombe. Nikisikia sauti yake kwenye simu naishiwa maneno, mtu mzima mimi. Na ndiye aliyetulisha baba alipofariki. Nimwambieje?

Mzee wa Soroti: Pole mwanangu. Aliyeiona njaa ya 1980 huko Karamoja hakiachii chakula hivihivi. Kipigo sikitetei. Ila usibishane naye kwenye simu. Tafuta mzee wa rika lake akaseme naye. Neno la mjukuu hatalipokea, la mwenzake atalisikiliza.

Dada Lira: Wazee sawa, lakini mtihani haungoji. Tangu wizi wa mifugo uzuke tena 2019, malishoni kuna bunduki, na huyo bado mtoto! Sheria ya Watoto, iliyorekebishwa 2016, inalinda haki yake ya kusoma. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akishindwa nenda kwa afisa ustawi wa wilaya. Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure kupiga.

Mama Pendo: Ukianza na serikali, bibi na dogo ndio watakaobaki na hasira za mzee. Iwe akiba, isipokuwa dogo akipigwa, hapo piga 116 siku hiyohiyo. Wewe unazungumzia shule, babu anawaza nani atachunga. Mpelekee jibu la hilo: mlipie kijana mwingine achunge mpaka PLE ipite.

Mwenye uzi: Asanteni sana, Mama Pendo hilo sikuliwaza kabisa. Mzee wa rika lake yupo, wamechunga pamoja tangu ujana. Nafunga safari Jumamosi. Walioko Kotido, mchungaji siku hizi analipwa hela kwa mwezi au anataka mbuzi?