Naomba ushauri, nitaongeaje kikaoni kuhusu mwanafunzi anayeandamwa?

Wakuu habari za saa hizi. Nafundisha chuo kimoja hapa Tabora mjini, kuna kijana wa mwaka wa pili ana sauti nyembamba na mwendo wa madaha, basi washamhukumu, wanamuita shoga mpaka kwenye grupu la darasa, na juzi lekchara mwenzangu kamwambia mbele za watu "wewe kakae kwa wadada", darasa zima likaangua kicheko. Sasa hivi vipindini haonekani, testi kakosa, nasikia anajifungia tu geto kule Isevya.

Nataka kulisema kikao cha idara ila naogopa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu mnakijua, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, jela miaka 30 hadi maisha, lakini kile kinahusu tendo, hakuna sheria inayomkataza mtu kutembea anavyotembea (na mambo yake sijamuuliza wala sitamuuliza). Shida ukifungua mdomo tu unaambiwa na wewe ni wale wale, na mimi mkataba wangu ni wa mwaka mwaka.

Niende kwa mshauri wa wanafunzi kimyakimya, au niliseme kikaoni kama unyanyasaji tu bila kugusa mengine? Mliofundisha vyuoni nisaidieni, matusi hapana jamani.