Wakuu, naomba regeksi ya kusoma mabano ndani ya mabano (mchoro wa kanga)

MchoraMji
Wakuu habari za jioni. Nina kaprogramu kangu nilikokaandika kwa lugha ya Python: mteja anaandika kanga anayoitaka, programu inachora. Mfano:

pindo[kamba(2) mji[fremu[fremu[korosho(4)] nyota(8)]] jina]

Yaani pindo la kamba mbili, ndani yake mji, ndani ya mji fremu mbili, moja ndani ya mwenzake. Ya ndani ina korosho nne, ya nje nyota nane, na chini jina. Maelezo mepesi inayachora safi. Mabano yakianza kukaa ndani ya mabano inachanganyikiwa. Natumia regeksi hii (yaani muundo wa alama wa kutafuta maneno kwenye maandishi): pindo\[(.*?)\]

Mwenye regeksi nzuri zaidi anirushie tu. Ni haraka kidogo.

Chumvi Nyingi
Haraka kidogo ni Ijumaa, au ni juzi?

Mama Doti
Mwanangu, mimi nauza kanga mwaka wa 20 huu. Vijana wa kompyuta mnahangaika na korosho na nyota, kumbe mteja akishika kanga anatafuta jina kwanza. Niliwahi kukaa na mzigo wa rangi nzuri ajabu miezi minane, kisa jina lilikuwa la kugombana na msimu ulikuwa wa harusi. Halafu muache kuiba michoro ya wenzenu. Sikusemi wewe, nasema tu.

Babu wa Terminali
Toa hiyo alama ya kuuliza. Ikiwepo, regeksi inaridhika na bano la kwanza la kufunga inalokutana nalo. Ukiitoa, inameza mpaka la mwisho. Mfano wako utapona, ila ukiweka pindo mbili kwenye mstari mmoja itazimeza zote kama dagaa.

Na usizirundike hizo .* (yaani chochote, urefu wowote) ovyo. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni inayopitisha tovuti nyingi za watu, walizimika karibu nusu saa kwa regeksi moja tu, prosesa zikafika asilimia 100. Siku hiyo nilikuwa na kazi ya mtu mkononi, nikadhani ni bando langu limekwisha. Nikaongeza jingine.

Mwl. Sarufi
Kijana, unaomba shoka kubwa zaidi wakati kazi yenyewe ni ya sindano.

Regeksi, kwa maana aliyoiweka mwanahisabati Kleene miaka ya 1950, ni mlinzi wa getini mwenye viti vichache. Kila herufi ikipita anahama kiti, na anachojua ni kiti alichokalia sasa, basi. Mabano yanataka mtu anayekumbuka umefungua mangapi, na wewe unaweza kufungua hata elfu. Viti vitamwishia. Ni kweli Perl na lugha wenzake za programu wameongeza ujanja wa regeksi kujiita yenyewe, lakini moduli ya re, ile ya regeksi inayokuja na Python, haina hilo.

Mwanaisimu Chomsky alizipanga lugha hizi za kanuni kwa ngazi mwaka 1956. (Tunaziita lugha rasmi, si rasmi za serikalini.) Ngazi inayofuata ni ya sarufi zisizotegemea muktadha, na mlinzi wake ana rundo la sahani: bano likifunguliwa anaweka sahani, likifungwa anatoa ya juu. Sheria za ALGOL 60, lugha ya programu ya zamani, ziliandikwa kwa mtindo huo, wa Backus na Naur. Lugha yako yote ni hii (mshale ni “huundwa na”, | ni “au”):

vitu → kitu | kitu vitu
kitu → jina | neno ( namba ) | neno [ vitu ]

Umeona? Kitu kina vitu ndani yake, navyo vinaundwa na kitu. Kila sheria iandikie fonksheni yake (kipande cha programu), ziitane zenyewe. Mistari 30 haifiki.

Sasa nijibu: maelezo anaandika nani? Na haraka ni ya nini?

MchoraMji
Shukrani mwalimu. Ila nimeshaamua kubaki na regeksi. Nimeinakili ndani yake yenyewe mpaka tabaka la tano, imekuwa ndefu kama treni lakini inafanya kazi. Nani ataandika tabaka sita kwenye kanga?

Mwl. Sarufi
Mteja wako ndiye ataandika. Na hujanijibu.

MchoraMji
Sawa. Anaandika mteja mwenyewe, mama mmoja wa Tanga, ana harusi ya bintiye wiki ijayo. Doti 60 zilitoka kiwandani Jumatatu. Programu ilifunga pindo kwenye bano la kwanza, pale baada ya korosho(4). Nyota na jina vikabaki nje, ikavitupa kimyakimya. Hajaziona bado.

Lakini nimesoma kwamba kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo nafikiria kumwambia ni mtindo wa kale.

Mama Doti
Kanga 120 hazina jina?! Za harusi? Ukamsomee historia mama wa bibi harusi? Usiende peke yako.

Chumvi Nyingi
Jina la toleo la pili hili hapa: ULIFUNGA MAPEMA, MIMI NIKABAKI NJE.

Mzee wa Mashaka
Mnahangaika na mtoto wa chuo. Kiwanda gani kitawasha mashine kwa doti 60? Halafu kanga ina pindo, mji na jina. Fremu ndani ya fremu imetoka wapi kama si kwenye asaimenti ya otomata, hao walinzi wa mwalimu? Na huyo mama wa Tanga anayeandika mabano ya mraba, jamani! Uzi ufungwe.

Babu wa Terminali
Hata mimi hapo kwa mama nilisita. Mama yangu mabano anayajua ya vitendawili vya gazeti tu.

Mwl. Sarufi
Fremu hazinishangazi. George Stiny na James Gips walileta sarufi za maumbo mwaka 1971: badala ya neno kuzaa maneno, umbo linazaa maumbo. Mwaka 1978 Stiny na William Mitchell wakaandika sarufi inayotoa ramani za nyumba kama za Palladio, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16. Kanga ni rahisi kuliko hizo. Na kosa alilolieleza ndilo hasa alama ile ya kuuliza ingelifanya. Ila hilo la mama, mwenyewe aje aseme.

MchoraMji
Kiwanda nilikosea kusema. Ni karakana yenye mashine ya kuchapa wino moja kwa moja kwenye kitambaa.

Mama analipa. Anayeandika ni bibi harusi, anasoma kompyuta.

Chumvi Nyingi
Bwana harusi ni nani?

MchoraMji
Kaka yangu.

Mama Doti
Yaa Rabi.

MchoraMji
Mrejesho. Usiku nimekaa nikaandika zile fonksheni, mistari 26. Mfano wa juu umesoma wote, na jina limekaa mahali pake. Halafu nikaiwekea maelezo ya kanga ya pili aliyotuma shemeji, ikagoma: bano la herufi ya 41 halijafungwa. Nikahesabu kwa kidole kwenye skrini mara tatu. Kweli hajalifunga. Regeksi ilikuwa inaichora hivyo hivyo tangu Jumapili bila neno.

Zile 60, karakana wanataka nusu ya bei kuchapa jina juu yake. Namtafuta kaka hapokei.

Mama Doti
Achana na kaka. Mpigie mama mkwe wake leo, kabla hajafungua furushi.

Mzee wa Mashaka
Bado siamini. Lakini hizo mistari 26 ziweke hapa.