Mjadala: Wasifu wa mwanzilishi wa redio ya jamii usimame juu ya chanzo gani?

Mleta mada: Wadau, Wikipedia inataka wasifu wa mtu utegemee vyanzo vilivyochapishwa, tena visivyo na mkono wa mhusika. Sharti hilo naliunga mkono. Ila likitumiwa kavukavu, watu wa redio za jamii wanabaki nje, maana kazi yao ilikuwa hewani.

Tuchukue Bush Radio ya Cape Town na Zane Ibrahim aliyeiongoza kwa miaka mingi. Kabla ya redio palikuwa na CASET, mradi wa miaka ya 1980 uliosambaza hotuba, mashairi na muziki kwa kaseti, kwa kuwa masafa yalishikwa na serikali ya makaburu. Mwaka 1992 wakaomba leseni, wakanyimwa. 1993 wakarusha matangazo hivyo hivyo, vifaa vikakamatwa. Leseni ikaja 1995. Mambo haya yana karatasi: maombi, kesi, leseni. Lakini nani alikaa usiku kunakili kaseti, nani alizipitisha mitaani? Hayo gazeti gani lingeandika wakati ule?

Kwangu mimi kaseti ni chanzo. Ikiwa na lebo, tarehe na jina la msemaji, na ikawekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisikiliza, basi ina haki sawa na gazeti la zamani lililobaki nakala moja maktaba.

Mchangiaji: Mkuu, tahadhari. Bush Radio huitwa mama wa redio za jamii Afrika. Mbona Homa Bay, Kenya, kulikuwa na redio ya jamii tangu 1982 kwa msaada wa UNESCO, hadi serikali ilipoifunga? Ukikubali kila kituo kijieleze, tutakuwa na "wa kwanza" kila wilaya.

Mleta mada: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Dai la "wa kwanza" lazima litoke kwa mtu wa nje asiye na maslahi, vinginevyo lifutwe. Hata sifa za "shujaa" na "mwanaharakati mahiri" zifutwe, maana ndizo zinazofanya makala za watu wetu zionekane matangazo. Nachotetea ni mambo ya kawaida: alianza lini, kipindi gani, kwa lugha gani, na nani.

Na jambo hili limeshajaribiwa. Mwaka 2011, kwa fedha za Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, watu walihojiwa India na Afrika Kusini, sauti zao zikawekwa wazi mtandaoni na kutumika kama rejea. Wahariri wengine walipinga, wakisema huo ni utafiti mpya, ambao Wikipedia hairuhusu. Mimi naona mahojiano yaliyo wazi, yenye tarehe, na yanayolinganishwa na ya mtu wa pili aliyekuwepo, yanakaguliwa kirahisi kuliko kitabu ambacho hakuna anayekipata Simanjiro wala Homa Bay. Watangazaji wa miaka ya 1980 wanazeeka. Wanaopinga waseme: tuwarekodi sasa, au tusubiri nani awaandike?