Leveli 81, hakuna wa kumuogopa wala wa kuniheshimu: hizi gemu za RPG mwisho wake ni upuuzi mtupu

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba huu uzi msiupeleke kule kwa watu wa gemu za mpira, wale wakifungwa wanazima mashine na maisha yanaendelea. Mimi naongelea RPG, gemu ambazo unamlea mtu mmoja miezi sita, unamtoa hana hata viatu mpaka anaangusha majoka. Nina hasira, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu. Asiyetaka kusoma apite.

Ijumaa usiku nilikuwa na Skyrim. Najua, gemu ya 2011, ila ndiyo kompyuta yangu inayoiweza. Mtu wangu yuko leveli 81, maana yake vipaji vyote 18 vimejaa 100. Amemuua Alduin, joka lililokuja kuimeza dunia. Ni mkuu wa chuo cha wachawi Winterhold, ni kiongozi wa Companions, lile kundi la wapiganaji wa kukodiwa, na wale wauaji wa siri nao wanamsikiliza yeye. Napita zangu Valtheim Towers, ile minara miwili yenye daraja juu ya mto. Anatoka jambazi mmoja amejifunga ngozi za wanyama, ananisimamisha: toa dhahabu 200 ndiyo upite.

Mia mbili! Mfukoni nina zaidi ya laki tatu na hakuna duka lenye kitu ninachokitaka. Nimevaa mifupa ya majoka niliyoyaua mwenyewe, upanga unawaka moto, na mtu ananidai ushuru kama mimi ni mama wa mchicha. Nikampiga mara moja tu, akaporomoka mpaka mtoni. Wenzake wakashuka mbio, nao wakaenda hivyo hivyo. Nilikuwa kama nafagia uwanja asubuhi.

Mdogo wangu, yuko darasa la sita, alikuwa amekaa pembeni anatafuna karanga. Akauliza, "Kaka, sasa huyo mtu wako anamuogopa nani?" Nikamwambia hamuogopi mtu. Akasema "aah," akakung'uta maganda, akaenda kulala. Saa mbili na nusu. Huyu ni mtoto ambaye mwaka jana mama alikuwa anamvuta kwa mkono kumtoa mbele ya gemu hii hii.

Mwaka jana kulikuwa na nini? Kulikuwa na lile jitu la karibu na mji wa Whiterun. Nikiwa leveli 3 lilinipiga rungu. Waliocheza wanajua, hufi kifo cha kawaida, unarushwa angani mpaka mwili unabaki nukta. Dogo alicheka mpaka akapaliwa. Tulikuwa na mishale saba na dawa mbili za kuponya. Tukakaa kikao kabisa: tusubiri giza, tupite nyuma ya mwamba, tukionekana tukimbilie wapi. Dogo anasema kushoto, mimi nasema kulia. Nusu saa nzima kupita sehemu ambayo leo naipita huku natafuna muhogo kwa mkono wa pili.

Ile nusu saa ndiyo niliyolipia hela. Ukiwa na mishale saba, kila mshale una kesi yake. Leo ninayo zaidi ya elfu na sihitaji hata mmoja, kwa sababu nikimnyemelea mtu kwa nyuma na jambia, pigo linazidishwa mara 15, na nikivaa zile glavu za wauaji linakuwa mara 30. Mara thelathini! Kuna kiumbe gani kimebaki hapo cha kupigana naye?

Na linaloniuma ni kwamba gemu yenyewe ndiyo iliyonilipa ili niiharibu. Kuna uchawi wa kugeuza mawe ya chuma kuwa fedha, na fedha kuwa dhahabu. Kitabu chake kiko Halted Stream Camp, si mbali na Whiterun, hata mgeni anaweza kukiokota. Na uhunzi unapanda kufuatana na thamani ya unachotengeneza. Basi nikageuka sonara. Jioni tatu mfululizo natengeneza pete. Pete, pete, pete. Vidole vinauma kama fundi wa Gerezani, na leveli inapanda tu, maana Skyrim kipaji chochote kikipanda na mtu naye anapanda. Jioni ya tatu nikatoka pale kwenye kiwanda changu nikiwa tishio la nchi nzima na sijamuona adui hata mmoja.

Halafu meza ya kutia uchawi kwenye mavazi. Kipaji kikiiva, vazi moja linapunguza gharama ya uchawi wa moto na radi kwa asilimia 25. Kofia, joho, mkufu, pete. Nne mara 25, hesabu ya darasa la tatu hiyo. Uchawi bure mpaka kiama, na ile baa ya bluu ya nguvu za uchawi uliyokuwa unaichungulia kwa roho juu inabaki pambo. Kinga nayo ukivaa vipande vinne ikafika pointi 567, kipigo kinakatwa asilimia 80 na hapo ndipo mwisho wake. Kila namba iliyojaa iliondoka na swali moja nililokuwa najiuliza kabla ya kusukuma mlango wa pango. Nikipigwa itakuwaje? Limeondoka. Nguvu zikiisha? Limeondoka. Nirudi mjini kwanza nikanunue dawa? Kwa nini sasa?

Hela ndiyo usiseme. Mwenye duka la vitu mchanganyiko ana dhahabu 750 tu. Mimi nimebeba panga za maelfu. Namuuzia moja, ananipa zake zote, nakaa kumsubiri apate nyingine kama nafuatilia mafao. Mwanzoni dhahabu 50 ilikuwa inaamua nilale kwenye nyumba ya wageni au ninunue upinde. Sasa hivi naziacha chini, naona uvivu kuinama.

Waliotengeneza wanajua kabisa. Ukiwa na nyongeza ya Dragonborn, ukifika leveli 80 anakufuata mjini mtu amevaa vazi jeusi tii, anaitwa Ebony Warrior. Anakwambia ameshafanya kila kitu cha kufanya, hakuna kilichobaki, anachoomba ni mtu wa kumuua kwa heshima akapumzike Sovngarde, pepo ya mashujaa wao. Wakuu, nilipomsikia niliweka rimoti chini. Huyu ni mimi! Wamekaa ofisini, wakajua mtu akifika leveli hizi atakuwa amechoka kuishi, badala ya kutibu tatizo wakalivalisha nguo nyeusi wakanitumia. Nikapanda mlimani kule Last Vigil, roho inadunda kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Mapigo matatu. Akalala. Nikamvua nguo, zikanizidi uzito, nikaziacha hapo hapo.

Najua povu linalokuja: "ongeza ugumu mkuu." Nimeongeza. Ule ugumu wa juu kabisa, Legendary, unafanya kipigo chako kiwe robo, na cha adui kiwe mara tatu. Basi. Adui hajawa na akili hata chembe, hajajifunza kunizunguka wala kukimbia kuita wenzake. Ni yule yule, sasa amekuwa gunia la mahindi, unalipiga dakika tatu badala ya sekunde mbili. Na yale marekebisho ya 2013 yaliyoondoa kikomo cha 81? Kipaji kilichofika 100 unakirudisha 15, unaanza kukipandisha tena. Yaani umechoka kutengeneza pete, dawa yake ni ukatengeneze pete.

Wengine watasema dunia ipande pamoja na mchezaji. Hiyo tulishaiona kwenye Oblivion, gemu iliyoitangulia Skyrim, 2006. Unapanda leveli na kila mtu anapanda na wewe. Mwisho wake mkaba njia wa porini anakuvizia amevaa vazi la glass ambalo thamani yake angenunua nyumba, na anakudai dhahabu 100! Kaka, si uuze hiyo kofia? Kule ilifika watu wakawa hawalali kitandani makusudi, maana bila kulala hupandi leveli, na leveli ndogo ndiyo iliyokuwa salama. Fikiria gemu ya kukua ambayo mwenye akili anakataa kukua.

Kwa hiyo huku Skyrim dunia ni kuku, wewe ni mwewe. Kule Oblivion mbio zote ni za kubaki pale pale.

Mimi ninachodai ni kitu cha zamani wala si maajabu. Mambo haya ya leveli yalianzia mezani, kwenye karatasi na dadu, Dungeons & Dragons, 1974. Kwenye kanuni zao za miaka hiyo ya 70, mpiganaji akifika leveli 9 alikuwa anaweza kujenga ngome yake, na askari wanakuja wenyewe kumtumikia. Yaani ukishakuwa mkubwa, kazi inabadilika. Hutumwi tena kufukuza panya, sasa una watu wa kulisha, una jirani anayeutamani mpaka wako. Upanga ukali wake ule ule, lakini hausaidii kitu kwenye njaa ya watu mia mbili.

Sasa linganisha na mimi, mkuu wa chuo. Wanafunzi wananipita kwenye korido kama mfagizi. Kiongozi wa Companions bado anatumwa akamtwange mtu ngumi mjini kwa ujira wa kibarua. Nilidhani cheo kitaniletea matatizo makubwa zaidi, kimeniletea chumba na joho.

Walau Baldur's Gate 3 ya 2023 walikuwa na busara ya kufunga leveli 12, hawakugusa ile miuchawi ya daraja la saba kwenda juu inayomaliza kila ugomvi kwa neno moja. Nilipigana na yule shetani Raphael nikiwa na leveli hiyo hiyo ya mwisho na nilikufa mara nne. Raha iliyoje! Ubaya wake nilifika 12 mapema, mjini bado kuna kazi tele, na pointi za uzoefu zikawa zinamwagika kama maji kwenye ndoo iliyojaa. Ila hilo nawasamehe.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayesema "anza upya", mkuu, nimeanza upya mara sita, ndiyo maana najua jambazi wa daraja anasimama upande gani. Anayesema nijizuie mwenyewe, nisishike uhunzi wala uchawi: kwa hiyo niilipie gemu halafu niilinde dhidi yangu? Na wewe unayeuliza kwa nini sina mke, hilo lina jukwaa lake.

Wengine mniwekee hapa jina la gemu moja ambayo leveli ya mwisho bado inakufanya ukae kikao kabla ya kufungua mlango. Elden Ring msilete, najua inafika leveli 713, na najua kompyuta yangu haiiwezi. Ninayo RAM ya GB 8, kadi ya picha ya zamani, na bando la usiku tu, kwa hiyo isizidi GB 30 za kushusha. Iwe na kitu cha kumrusha mtu angani, dogo amesema atarudi kukaa.