Kichwa cha tangazo: bosi anasema vyangu vimepoa

Mshonabegi: Wakuu, habari. Naandika tangazo la begi la mgongoni lisilopitisha maji. Nilipeleka "Begi Bora kwa Maisha Bora", bosi kanirudishia. Yeye anataka "HUTAAMINI Begi Hili Linafanya Nini!!!" Nikikisoma naona aibu, ila pengine ndiye anayelijua soko. Nyie mnafanyaje?

Kalamu Butu: Vitupe vyote viwili. Chako ukikibandika kwenye godoro, kiatu au bima bado kinakaa, maana yake hakijasema kitu. Cha bosi kitabofywa, sikatai, lakini mtu akifika ndani akakuta begi tu, anaondoka kanuna.

Mwaka 1958 mwandishi wa matangazo David Ogilvy alitangaza gari la Rolls-Royce kwa kichwa ambacho kwa Kiswahili changu ni hivi: gari likiwa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote humo ndani ni ya saa ya umeme. Hakuna "bora" hapo, wala alama ya mshangao. Tena hakuyatoa hewani. Aliyakuta akisoma habari za gari lenyewe. Sisi tunakaa mbele ya kompyuta tunasaka maneno matamu wakati jambo lenyewe liko karakana. Nenda kamuulize anayeshona: maji yanazuiwa na nini, na mlijuaje kwamba yamezuiwa?

Binti Mada: Kalamu, umebana mno. Udadisi si dhambi. John Caples, naye mwandishi wa matangazo, mwaka 1926 aliuza masomo ya muziki kwa "Walicheka nilipoketi kwenye piano, lakini nilipoanza kupiga!" Hapo huna budi kusoma, na ndani kisa unakipata. Cha bosi kinakopa bila nia ya kulipa, basi. Halafu kama kinaenda kwa barua pepe, neno zito litangulie. Kichwa kikiwa kirefu, simu hukata mkia.

Mshonabegi: Nimerudi. Fundi kasema mishono imezibwa kwa utepe upande wa ndani (hili hata bosi hakulijua), na kila toleo jipya hulijaza maji, wakalilaza juu ya gazeti hadi asubuhi. Nimeandika: "Tulilijaza maji usiku kucha. Gazeti chini yake halikulowa."

Kalamu Butu: Hicho hicho, usiongeze kitu. Utepe uweke mstari wa kwanza wa maelezo. Na lipige picha hilo gazeti, lazima atatokea wa kubisha.

Binti Mada: Bosi akitaka "!!!" mpe moja, yaishe.